Ini Lina Saa Yake: Uraka, Nipa na Kinachotokea Mwilini

Ukipita barabara ya Masasi kwenda Newala mwezi wa Novemba, harufu inakupokea kabla hujaiona mikorosho. Ni harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyoiva. Mengine yameanguka chini na kuanza kuchacha yenyewe juani, nzi wametanda. Korosho zimeshanyofolewa na kutiwa kwenye magunia, zinasubiri mnada. Bibo lililobaki ndilo linalogeuka uraka, pombe yetu ya huku.

Nimekulia huko, na mjomba wangu alikuwa mnywaji wa uraka. Sisemi alikuwa mlevi, kwa sababu pale kijijini hakuna aliyemwita hivyo. Alipalilia mikorosho yake, alipulizia salfa kwa wakati, alilipa ada ya watoto wake na ya sisi wapwa zake. Ila kopo halikumtoka mkononi. "Mpwa wangu," aliniambia nikiwa sekondari, "uraka si pombe. Uraka ni maji ya tunda. Pombe ni hiyo nipa wanayokunywa vijana." Miaka ilipita, tumbo lake likajaa maji, macho yakawa ya njano, na nusu ya ukoo ikawa inamtafuta aliyemroga.

Nataka kueleza kilichompata. Mazungumzo yetu kuhusu pombe, huku Mtwara na Lindi, huishia kwenye mambo mawili tu, dhambi na aibu. Mwili wenyewe hauulizwi, na mwili una maelezo mazuri sana ya jambo hili.

Kopo, chupa na glasi

Tuanze na bibo. Maji yake yana sukari, kwa makadirio gramu 100 katika lita moja, na kwenye ngozi yake wapo hamira wa asili ambao hakuna aliyewapanda. Ukikamua tu, wanaanza kazi. Wanakula sukari na kutoa vitu viwili, hewa ya kaboni, ambayo ndiyo yale mapovu, na ethanoli. Ethanoli ndiyo pombe yenyewe, ile inayolevya. Ndiyo maana uraka wa asubuhi ni mtamu na wa jioni ni mkali. Utamu haukupotea hewani, umegeuka ulevi. Kwa hesabu ya kemia, gramu 100 za sukari zikiliwa zote hutoa ethanoli isiyozidi gramu 51. Kwa hiyo lita moja ya uraka uliochacha vizuri inaweza kubeba gramu 40 hadi 50 za ethanoli.

Linganisha na dukani. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Lita moja ya uraka uliokomaa basi ni sawa na bia mbili au zaidi kidogo. Mjomba, kwa lita zake mbili hivi, alikuwa anakunywa bia nne au tano kila siku ya Mungu, huku akiamini anakunywa juisi.

Nipa ni uraka uliopita motoni. Unachemshwa kwenye pipa, mvuke unapitishwa kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, matone yanakingwa upande wa pili. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, mapema kuliko maji, kwa hiyo kinachotangulia kutoka ni ulevi uliokolezwa. Msimu ukiisha, mabibo yaliyokaushwa, yaani kochoko, yanalowekwa na kuchachushwa upya, na shughuli inaendelea mwaka mzima. Hakuna anayepima nguvu ya nipa, na inatofautiana pipa kwa pipa. Tukichukulia ina nguvu ya pombe kali ya kawaida ya dukani, asilimia 35, robo lita yake tu ina karibu gramu 70 za ethanoli.

Mwili haujui majina haya. Uraka, nipa, tembo la mnazi, pombe ya mtama, bia, mvinyo wa harusini, vyote vikifika kwenye damu ni ethanoli ile ile. Na kuhusu vitamini, ni kweli bibo lina vitamini C nyingi, kuliko hata chungwa. Ila faida hiyo unaipata kamili ukilila au ukiinywa juisi yake ikiwa mbichi. Mbona tunaisubiri ichache?

Kutoka mdomoni hadi kwenye damu

Ethanoli ni kitu kidogo sana, na haihitaji kumeng'enywa kama ugali. Sehemu ndogo hupenya kwenye tumbo lenyewe, kiasi cha moja ya tano. Iliyobaki hupenya kwenye utumbo mwembamba, na hapo huingia kwa kasi. Kwa hiyo swali kubwa ni hili, tumbo linaachia lini mzigo wake ushuke utumboni? Ukiwa umekula, hasa chakula chenye mafuta au protini, mlango wa chini wa tumbo hufungwa kwa muda na pombe inashuka kidogo kidogo. Tumbo likiwa tupu, mlango uko wazi.

Hapa ndipo msimu wa korosho unapotuumiza. Mtu ameamka alfajiri kuokota korosho, amepitisha chai, mchana jua kali, na kitu cha kwanza kizito kuingia tumboni ni kopo la uraka. Sahani ya ming'oko au ugali na samaki kabla ya kopo hilo ingebadilisha kabisa saa mbili zinazofuata. Lakini tuelewane, chakula hakiondoi pombe. Kinaipunguzia kasi tu, na sehemu kubwa ya gramu zile bado itaingia.

Ikishaingia kwenye damu, inasambaa kufuata maji ya mwili. Kwa wastani mwanamke ana maji machache mwilini kuliko mwanamume wa uzito ule ule, kwa hiyo kopo lile lile linakolea zaidi katika damu yake. Halihusiani na uzoefu wala ujasiri. Ni kama kutia kijiko kimoja cha chumvi katika sufuria mbili, moja ina maji mengi na nyingine kidogo.

Saa ya ini

Sasa tumefika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko mengine yote katika makala haya.

Pombe kidogo sana hutoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Yote iliyobaki, zaidi ya asilimia 90, lazima ivunjwe, na kazi hiyo hufanywa hasa na ini. Nalo ini lina mwendo wake. Kwa mtu mzima wa kawaida linavunja gramu 7 hadi 10 kwa saa, tuseme 8. Halifanyi haraka kwa sababu una safari. Kahawa ya tangawizi hailiharakishi. Kuoga maji ya baridi, kula ndimu, kunywa supu ya moto, kukimbia uwanjani mpaka ujasho, hakuna hata kimoja kinachoongeza mwendo. Kahawa inamfumbua macho mlevi, lakini anabaki mlevi aliyefumbuka macho. Kutapika kunatoa ile ambayo bado iko tumboni. Iliyokwisha kupenya haitoki.

Tupige hesabu ya kijana wa bodaboda. Malipo ya mnada yameingia, abiria ni wengi, siku imekuwa nzuri. Saa mbili usiku anakaa na wenzake, hadi saa sita usiku amemaliza bia sita. Hizo ni gramu 120. Kwa gramu 8 kwa saa, ini lake linahitaji saa 15 tangu alipoanza. Maana yake litamaliza saa tano asubuhi. Yeye saa kumi na mbili yuko kituoni na pikipiki yake, amelala, ameoga, amepiga mswaki, anajiona mzima, lakini damu yake bado ina pombe. Sheria yetu ya barabarani inamwekea dereva wa kawaida kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, ila uwezo wa kukadiria umbali na kushika breki kwa wakati huanza kushuka kabla ya kufika hapo.

Na huyo ni wa bia. Aliyekunywa robo lita ya nipa ana mzigo wa karibu saa tisa, na ameumaliza kwa dakika kumi.

Jambo la pili ni jinsi ini linavyoivunja. Hatua ya kwanza, ethanoli inageuzwa kuwa asetaldehaidi. Hii ni sumu kali kuliko pombe yenyewe, na hushambulia protini na hata vinasaba vya seli. Hatua ya pili, asetaldehaidi inageuzwa kuwa asetati, kitu kisicho na madhara makubwa, ambacho mwisho wake ni maji na hewa ya kaboni. Ukinywa polepole, hatua ya pili inaiwahi ya kwanza. Ukinywa kwa fujo, sumu ya katikati inarundikana. Uso kuwa moto, kichefuchefu na moyo kwenda mbio ni kazi yake.

Kwa nini tunacheka, kisha tunaanguka

Ubongo unaendeshwa kwa mizani ya breki na mafuta, yaani kemikali zinazotuliza na zinazochangamsha. Pombe inaongeza nguvu ya breki na kupunguza mafuta kwa pamoja. Kwa hiyo ubongo wote unapoa, lakini haupoi kwa mara moja. Sehemu za mbele, zinazotunza aibu, subira na hukumu, ndizo hulegea mapema. Ndiyo maana mpole anakuwa msemaji na mkimya anasimama kucheza. Watu huona amechangamka, kumbe mlinzi wake amesinzia. Zikifuata sehemu za nyuma zinazoshika mizani ya mwili, anayumba. Ikifika kwenye kumbukumbu, anaongea na kutembea vizuri, na kesho hakumbuki lolote. Hiyo si kusahau. Ubongo haukurekodi kabisa. Ikishuka hadi kwenye shina la ubongo, panapoendesha pumzi, mtu anaweza kufa usingizini.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyezimika kwa pombe haachwi kwenye mkeka "alale imtoke". Mlaze ubavu ili akitapika matapishi yasimrudie kwenye pumzi, kaa naye, hesabu anavyopumua. Akipumua chini ya mara nane kwa dakika, akiwa wa baridi, haamki hata ukimfinya, hilo ni la hospitali. Usimnyweshe maji wala maziwa, na usimmwagie maji ya baridi, kwani mwili wake tayari unapoteza joto kupitia ngozi. Na kuna jambo linaloniuma sana: huku kwetu malaria ya kichwani, sukari kushuka na jeraha la kichwa kwa kuanguka vyote vinafanana na ulevi. Mtu ananuka uraka, wote wanasema amelewa, anaachwa, asubuhi ni msiba. Kunuka pombe hakuthibitishi kwamba pombe ndiyo iliyomwangusha.

Sukari nayo ina sababu yake. Ini ndilo linalotengeneza sukari wakati hujala. Likiwa limeshikwa na kazi ya kuvunja ethanoli, linaiacha ile nyingine. Kwa mtu aliyeshinda njaa, na zaidi kwa mtoto aliyemaliza mabaki ya kopo la baba, sukari ya damu inaweza kushuka hadi degedege.

Asubuhi, na kuzimua

Pombe inazuia homoni inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini. Ndiyo maana mnywaji anaenda haja ndogo kila mara, na asubuhi ulimi umekauka na kichwa kinagonga. Ongeza mabaki ya asetaldehaidi, tumbo lililochubuliwa, na usingizi ambao haukuwa usingizi. Pombe inakulaza haraka lakini inakata usingizi vipande vipande nusu ya pili ya usiku.

Wengi huzimua, kopo dogo la asubuhi na dunia inatulia. Inafanya kazi kweli, na hapo ndipo penye mtego. Kwa mtu anayekunywa kila siku, ubongo umeshajizoesha kuishi na pombe. Umepunguza breki zake na kuongeza mafuta ili mizani isawazike. Pombe ikiisha usiku, mafuta yanabaki mengi na breki hazipo. Mikono inatetemeka, jasho, moyo mbio, wasiwasi. Kopo la asubuhi linarudisha mizani, na ubongo unajizoesha zaidi.

Nilimwona mjomba asubuhi moja akinywa chai barazani. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, na badala ya kukiinua akainama yeye kukifuata, midomo mbele, ili chai isimwagike. "Baridi ya leo," alisema. Ilikuwa Desemba, jua limeshapanda. Sikuelewa nilichokuwa nakiona. Leo ningeelewa.

Ini lilipochoka

Ini linapovunja pombe kila siku, mafuta hubaki ndani ya seli zake. Zaidi ya asilimia 90 ya wanywaji wakubwa wana ini lenye mafuta, na karibu wote hawajui, kwa sababu ini halina maumivu ya kutoa taarifa mapema. Habari njema iko hapa. Hatua hii inarudi nyuma. Mtu akiacha kabisa, kwa wiki chache tu mafuta mengi yanaondoka.

Asipoacha, kwa baadhi ya watu seli zinaanza kuvimba na kufa. Kila zinapokufa panabaki kovu. Kovu likiungana na kovu, ini linakuwa gumu lenye vinundu. Madaktari wanaita sirosisi. Sasa fikiria mto unaopita shambani, halafu mtu akajenga ukuta katikati. Damu yote inayotoka tumboni na utumboni hupita kwenye ini. Ini likiwa gumu, damu inarudi nyuma. Maji yanachuja nje ya mishipa na kujaa tumboni, hasa kwa kuwa ini dhaifu halitengenezi tena protini ya kutosha ya kuyashikilia ndani ya damu. Damu nyingine inatafuta njia ya mchepuko kupitia mishipa myembamba ya umio. Mishipa hiyo inavimba, na siku moja hupasuka, mtu anatapika damu. Rangi ya njano ni taka ya chembe nyekundu za damu ambayo ini limeshindwa kuitoa kwenye nyongo. Kuchanganyikiwa na kulala mchana ni sumu kama amonia zinazofika kwenye ubongo bila kuchujwa.

Mjomba alikuwa na tumbo, miguu iliyovimba, macho ya njano na mikono iliyobaki mifupa. Ukitazama kwa macho ya kijijini, inafanana kabisa na jini aliyekaa tumboni na kunyonya mwili. Siwacheki waliofikiri hivyo. Tulizunguka kwa waganga miezi mitatu. Siku alipotolewa maji, mimi ndiye niliyeshika ndoo. Majimaji ya njano iliyopauka, yanatiririka kwa mpira mwembamba bila sauti, yakafika lita tano. Mjomba alilitazama tumbo lake likishuka, akaniuliza, "Yote haya yalikuwa ya nini?"

Daktari aliyemhudumia alitueleza jambo ambalo hatukulitarajia. Vipimo vilionyesha pia homa ya ini B, aliyoishi nayo miaka mingi bila kujua. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali ambalo kila mtu kijijini alikuwa nalo, mbona mzee fulani amekunywa zaidi yake na ana miaka themanini? Kati ya watu 100 wanaokunywa sana kwa miaka mingi, ni 10 hadi 20 hivi wanaofikia sirosisi. Vinasaba, jinsia, lishe, uzito, na zaidi virusi vya homa ya ini vinaamua ni nani. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu inaongeza hatari ya saratani ya ini juu yake, na sisi ni walaji wa karanga. Babu wa miaka themanini ni kweli yupo. Ila walioanza naye hawakai barazani tena kutoa ushahidi wao. Kipimo cha homa ya ini B ni tone la damu tu, na watoto siku hizi huchanjwa wakiwa wachanga. Sisi wakubwa wengi hatukuchanjwa.

Nje ya ini

Sitazunguka kila kiungo. Presha inapanda, na moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake baada ya usiku mmoja wa fujo. Kongosho linaweza kuvimba ghafla, na maumivu yake hayasahauliki. Kwa wanaume, ile imani kwamba nipa inaongeza nguvu inatokana na aibu kulegea. Mishipa na homoni zinaenda kinyume, na kwa mnywaji wa muda mrefu nguvu hizo hupungua. Kifua kikuu nacho humkamata mnywaji mkubwa karibu mara tatu kuliko mwingine, na dawa zake zenyewe ni mzigo kwa ini.

Saratani lazima niitaje kwa kirefu kidogo, kwa sababu watu wanaifahamu sigara na hawaifahamu pombe. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, tangu mwaka 1988. Ni saratani za mdomo, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana, na titi kwa mwanamke. Hatari inaanza kupanda kwa viwango vidogo, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi kinachoweza kuitwa salama. Zamani tuliambiwa glasi moja ya mvinyo inalinda moyo. Sehemu kubwa ya tafiti zile iliwaweka wasiokunywa pamoja na walioacha kunywa kwa sababu walikuwa wagonjwa, kwa hiyo wasiokunywa wakaonekana dhaifu. Shirika hilo hilo linakadiria vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe duniani mwaka 2019.

Mjamzito: pombe inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto kwa kiwango cha mama, na ini la mtoto bado halijui kazi. Uraka mtamu wa asubuhi nao una ethanoli.

Nipa na upofu

Mabibo, kama matunda mengi, yana pektini, na pektini ikichachuka hutoa methanoli kidogo. Kiasi hicho kwa kawaida ni kidogo. Vifo vya watu wengi kwa mkupuo, tunavyovisikia kutoka sehemu mbalimbali duniani, mara nyingi hutokana na mtu kuongezea spiriti ya viwandani ili pombe iwe kali na faida iongezeke. Methanoli inalevya kama ethanoli, lakini ini linaigeuza kuwa asidi inayounguza mshipa wa macho. Inachukua muda, saa 12 hadi 24 mara nyingi. Kwa hiyo mtu analala vizuri, na kesho anasema anaona ukungu, kichwa na tumbo vinauma, anapumua haraka. Anayesema "naona kama moshi" baada ya kunywa apelekwe hospitali muda huo huo. Dawa ipo, na macho yanaweza kuokolewa kama amewahi. Mitambo ya kukeneka, yaani ya kupikia nipa, iliyoungwa kwa risasi au iliyotengenezwa kwa rejeta za magari nayo inaacha madini ya risasi kwenye chupa. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya plastiki Machi 2017, pombe kali ya bei ya mfukoni ilipungua dukani. Lakini pipa la porini halina lebo ya kufutwa.

Kuacha kwa ghafla

Kwetu pwani, mwezi wa Ramadhani ukiandama, wanywaji wengi huweka kopo chini siku hiyo hiyo. Nia ni njema na wengi hupita salama. Lakini kwa yule anayekunywa kila siku, aliyekuwa anatetemeka asubuhi, mwili una hesabu nyingine. Kumbuka ubongo uliopunguza breki. Ukiondoa pombe ghafla, saa 6 hadi 24 za kwanza kunakuja kutetemeka na jasho. Kati ya saa 6 na 48 kunaweza kuja degedege. Siku ya pili hadi ya nne baadhi ya watu huingia katika hali ya kuona wadudu ukutani, kusikia watu wakimwita, homa, moyo kwenda kasi. Hali hii ikiachwa bila tiba inaua. Jirani wanasema ana mashetani, anafungwa kamba, anasomewa. Kisomo hakimdhuru, kinachomdhuru ni kuchelewa kufika hospitali.

Hospitali atapewa dawa za kutuliza ubongo kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, na sindano za vitamini B1. Vitamini hiyo huisha kwa wanywaji, na ikikosekana kumbukumbu na macho vinaweza kuharibika moja kwa moja. Hupewa kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo. Ni tiba ya kawaida isiyohitaji mashine kubwa. Kwa hiyo mwenye kutetemeka asubuhi anayetaka kuacha aende kituo cha afya kabla ya kuacha, aseme ukweli, apangiwe.

Mjomba alipofika wodini siku ya kwanza, nesi alimuuliza anakunywa kiasi gani. Akajibu, "Kidogo tu, sista." Mimi nikanyamaza, kwa sababu mpwa hamsemei mjomba wake mbele za watu. Nesi hakubishana naye. Akavuta kiti, akakaa usawa wa kitanda, akauliza kwa upole, "Babu, kopo la mwisho ulikunywa saa ngapi?" Mjomba akafikiri. Akasema, jana, jua likizama. Nesi akaandika, akatazama saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole, kisha akaenda kuandaa dawa kabla usiku haujaingia.